Mvua Ndani ya Mguu wa Dada

Tap. Tap-tap. Kisha trrrrr, kama mtu amemwaga kunde juu ya bati. Mpaka leo, mvua ikianza hapa kwetu Nyasura, watoto wangu wanakimbilia kuanua nguo, na mimi mkono wangu unashuka wenyewe mpaka kwenye shavu la mguu. Naliminya kidogo. Zamani mume wangu alikuwaga anauliza, "Vipi, mshipa umekaza?" Namwambia hapana, nasikiliza tu. Siku hizi haulizi tena, anaendelea na chai yake.

Mlio huo niliusikia siku ambayo mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, ndani ya chumba cha hospitali mjini Musoma. Ulikuwa unatoka kwenye mguu wa dada yangu, Nyangeta.

Niseme kwanza kwamba mlio wa mvua juu ya bati nilikuwa naujua kutoka shuleni. Nyumbani kwetu, kijijini nje kidogo ya Butiama, tuliezeka nyasi, na mvua juu ya nyasi haisemi, inanong'ona. Shuleni ndiko kulikuwa na bati. Ikinyesha, mwalimu anaweka chaki chini, maana hata apige kelele namna gani hasikiki, na sisi tunalaza vichwa juu ya madawati tukisikiliza. Nilipendaga mvua ya shule kuliko sikukuu. Nilikuwa darasa la pili, na nilishaamua kwamba nikikua nitajenga nyumba ya bati tupu, bati juu, bati ukutani, hata kitanda cha bati, ili mvua ikija nilale katikati ya ngoma. Watu wazima walinicheka. Da' Nyangeta peke yake hakucheka. Siku moja aliokota kipande cha bati kilichopeperushwa na upepo, ukubwa wa ungo hivi, kimeshika kutu pembeni, akaniletea. "Shika, Wakuru," akasema. "Anza na hili, mengine utatafuta mwenyewe."

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Duka la kijiji lina rafu na muuza duka, basi. Sabuni tunaikata kwa uzi tugawane na jirani. Koroboi tunaiwasha wakati wa kula tu, mtu asije akameza mwiba wa samaki. Na juu ya hayo yote mvua nayo ikagoma. Mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Baba akaswaga ng'ombe waliobaki kwenda Mugeta, alikosikia kuna majani, na nyumbani tukabaki wanne: Mama, da' Nyangeta, mimi, na mdogo wetu Marwa, ambaye alikuwa bado anatambaa.

Kilichobaki shambani kilikuwa mihogo michungu. Muhogo ule hauogopi jua, na hata nguruwe wa porini hawaushughulikii, ndiyo maana wazee waliupanda. Lakini una masharti. Unaumenya, unaurundika, unaufunika majani, unauacha uvunde siku nne mpaka uote ukungu mweusi kama masizi. Hapo ndipo unaukwangua, unauponda, unauanika, unatwanga. Huo ndio udaga wetu. Siku nne, wala siyo tatu. Lakini mtoto akilia njaa, siku nne zinakuwa ndefu kuliko masika. Mama akaanza kupunguza. Zikawa tatu, zikawa mbili. Mwishowe alikuwa anaung'oa muhogo asubuhi, anauchanachana, anauanika juani, na jioni tunasonga ugali. Ulikuwa mchungu kwenye ulimi, na ulikuwa unalewesha. Tukishakula tunakaa tumeegemea ukuta, vichwa vinazunguka, na da' Nyangeta anasema, "Haya walevi, nani anaanzisha wimbo?" Tunacheka. Tulidhani ndiyo shibe yenyewe.

Da' Nyangeta alikuwa darasa la sita, na kwa mbio hakuna aliyemfikia, hata wavulana. Alikuwa anakwenda kisimani na ndoo, anarudi, mimi bado natafuta kata. Sasa asubuhi moja alirudi bila ndoo. Alikuja ameshika mti huu, ameshika mti ule, mpaka akafika uani akakaa chini puu.

"Mama, magoti yangu yanacheza."

"Yanacheza vipi?"

"Yanacheza yenyewe. Nayaambia yatulie, hayataki."

Hakuwa na homa. Hakuwa na maumivu. Lakini ilipofika siku ya tatu visigino vyake havikugusa tena ardhi. Alitembea kwa vidole, magoti yanasuguana, kama mtu anayenyata kwenda kuiba mayai. Alijaribu kukimbia mara moja, nilimwona, alidhani hakuna anayemtazama. Alianguka kifudifudi. Alipoinua uso na kuniona akasema, "Nilikuwa natafuta sindano." Nikainama nikaanza kuitafuta na mimi.

Wakati huohuo kijiji kilikuwa kinatafuta mtu. Mzee Magesa, jirani yetu, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake, akiuliza kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, "Hapa kwenu hakuna aliyefunga mvua?" Maana kwetu mvua ilikuwa haipotei hivihivi. Kuna mtu ameikamata, ameificha kwenye chungu au ndani ya pembe, na akipatikana anabanwa mpaka aifungue. Bibi mmoja wa ng'ambo ya kijito alikutwa na chungu ambacho haikueleweka anakipikia nini. Walimvunjia nyumba. Akahamia kwa binti yake Bunda na mkungu mmoja wa ndizi kichwani. Mambo hayo ya mvua niliyaamini kama ninavyoamini kwamba mbuzi ana miguu minne.

Basi tukasikia hospitali ya Musoma amefika daktari mgeni anayeangalia miguu. Mama akambeba Nyangeta mgongoni, msichana mkubwa vile, miguu inaning'inia mpaka karibu na visigino vya Mama mwenyewe. Marwa tukamwacha kwa mke wa Mzee Magesa. Tukapanda lori la pamba, tukalala kwa mama mdogo huko Buhare, asubuhi tukaingia hospitali.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, amevaa soksi mpaka magotini, na pembeni yake nesi mmoja mnene wa kwetukwetu anayetafsiri. Juu ya meza kulikuwa na mashine kama redio kubwa, ina kioo kidogo na ndani yake mstari wa kijani unatembea bila kufika. Daktari akachukua sindano nyembamba sana yenye waya mrefu kama mkia wa panya, akaichoma kwenye shavu la mguu wa dada.

"Mama, ananichoma!"

"Vumilia, binti," nesi akasema. "Haingizi dawa. Anasikiliza tu. Haya, legeza mguu. Legeza kabisa, kama umelala."

Kimya. Mstari ukanyooka.

"Sasa kaza. Vuta vidole juu, taratibu."

Tap. Tap-tap. Tap-tap-tap.

"Kaza zaidi!"

Trrrrrrrr.

"Mvua!" nikapiga kelele. Nikakimbilia dirishani. Mama naye aliinua kichwa, namkumbuka vizuri, midomo imeachama. Nje kulikuwa na jua jeupe, mwanamke anaanika mashuka, na kwa mbali ziwa limelala linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hata tone moja hakuna. Nikageuka. Mlio ulikuwa unaendelea nyuma yangu, ndani ya chumba, juu ya meza.

"Mvua iko wapi?" nikauliza.

Nesi akacheka mpaka kofia ikateleza. "Siyo mvua wewe! Ni umeme. Umeme wa misuli ya dada yako. Kila mtu anao. Ukitaka kuinua mguu, umeme unapita, na hii mashine inausikia."

Sasa ninyi fikirieni. Kijijini kwetu hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme wala taa ya kuning'inia. Umeme niliokuwa naujua mimi ni mmoja tu, ule unaopasua anga kabla radi haijanguruma, unaokuja na mvua. Hilo la "kila mtu anao" nililisikia likapita. Neno lililobaki kichwani lilikuwa umeme. Daktari akasema maneno mengi, nesi akamgeukia Mama. "Anasema umeme upo, tena wa kutosha. Misuli haina kosa. Tatizo liko juu." Akanyoosha kidole. Leo najua alikuwa anaonyesha kichwa na uti wa mgongo, kule amri zinakotoka. Mimi nilifuata kidole kile mpaka darini, nikapita dari, nikafika mbinguni.

Kisha nesi akachukua kalamu. "Mama, nyumbani mnakula nini?"

"Ugali wa udaga."

"Mihogo mnaivundika siku ngapi?"

Mama alikuwa anakunjakunja pindo la kanga yake, anakunja, anakunjua.

"Nne," akasema.

Nikamtazama. Yeye hakunitazama. Nesi akaandika nne. Nikajiambia labda watu wazima wana hesabu yao, na sikufikiria zaidi, maana kichwa changu kilikuwa kimejaa jambo kubwa zaidi ya mihogo. Mvua ya kijiji kizima ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa dada yangu. Nimeisikia kwa masikio yangu.

Njia nzima ya kurudi, juu ya lori, nilikaa nimeikumbatia miguu yake. Mama alidhani nazuia isigonge. Mimi nilikuwa naificha. Tulipita mashamba ya watu, makavu, ng'ombe mbavu nje, na kila shamba lilikuwa kama linaniuliza. Nikisema, Mzee Magesa atakuja na watu wake na fimbo zao wambane dada mpaka mvua itoke, na nilishajua mtu anabanwa vipi. Nisiposema, Marwa ataendelea kulia. Mtoto wa darasa la pili mpe mzigo huo, uone kama atalala.

Siku ya pili yake Mzee Magesa alikuja kupokea habari. Mama alikuwa shambani. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama mimi.

"Enhe, mjukuu wangu. Daktari kasema nini?"

"Kasema tatizo liko juu."

"Juu!" Akatikisa kichwa polepole. "Si nilisema. Na kwenye mguu kaona nini?"

Ndani nilimsikia Marwa analia kile kilio chake kisicho na machozi. Nyangeta alikuwa amekaa mlangoni, amenyoosha miguu juani, anachambua mlenda. Alinikonyeza tu, bila kujua chochote.

"Hakuona kitu," nikasema. "Mguu mtupu."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya mzee. Alipoondoka niliingia ndani nikambeba Marwa.

Ikapita wiki nzima. Kila siku nilisubiri Mama atoke, nimwendee dada na mpango wangu. Mpango ulikuwa mwepesi: isitoke yote. Itoke kidogo tu, ya kutosha mahindi yetu na ya jirani, bila mtu kujua. Mchana mmoja Mama akawa uani nyuma ya nyumba anachanachana mihogo. Nyangeta alikuwa amejilaza mkekani. Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye shavu la mguu wake.

"Da' Nyangeta, kaza."

"Nini?"

"Kaza mguu. Vuta vidole, kama kule Musoma. Taratibu."

Akakaza. Nilisikia ngozi ina joto, nikasikia nyama inatetemeka kama ndege uliyemshika mkononi. Mlio hakuna.

"Kaza zaidi. Toa kidogo tu, dada, sitamwambia mtu. Ya kutosha mahindi."

"Nitoe nini wewe?"

Ndipo nikamwambia yote. Umeme, na juu, na Mzee Magesa, na yule bibi wa Bunda. Nyangeta alinisikiliza macho yamemtoka, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo. "Mwe! Kwa hiyo mimi ni tanki? Wakuru! Mnifunge mabomba basi!" Na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka, na kicheko hakikuacha, vikawa vinakwenda pamoja. "Ningekuwa nayo," akasema, "ningekupa yote. Unafikiri ningebaki na mvua ya nini kwenye miguu isiyotembea?"

Hatukuona kwamba kisu kimenyamaza nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa maji meupe ya mihogo.

"Wakuru, njoo."

Nikaenda. Nilidhani napigwa. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, jambo ambalo Mama alikuwa hafanyi.

"Hakuna mvua mguuni kwa dada yako. Sikia vizuri. Siyo mvua, wala hakuna aliyemtupia kitu." Akanyoosha mikono yake ile myeupe. "Ni hii. Ni mihogo yangu. Yule nesi aliniuliza siku ngapi, nikasema nne. Ulinisikia."

"Nilisikia."

"Na ulijua."

Nikaitazama ile mikono.

"Niliona aibu," Mama akasema. "Mama gani anashindwa kungoja siku nne?"

Nyangeta alikuwa amejivuta mpaka mlangoni. Nilimwogopea Mama wakati ule kuliko nilivyowahi kumwogopa. Dada akasema, "Tulikuwa tunalia, Mama. Tulikulilia." Basi. Hakuongeza neno, siku ile wala mwaka wowote baadaye.

Mama hakuanika mihogo ile. Aliikusanya yote, akairundika, akaifunika majani. Tukanywa uji wa mtama kidogo uliotoka kwa mama mdogo, mwepesi, unaona chini ya kikombe. Juu ya majani akahitaji kitu cha kukandamiza, akatazama huku na huku. Nikaenda kuchukua bati langu. Da' Nyangeta ndiye aliyeleta wazo la kokoto: kila asubuhi kokoto moja juu ya bati, zikifika nne tunafungua, na kazi hiyo akajipa mwenyewe, maana, alisema, "mimi ndiye nisiye na safari." Tap, asubuhi ya kwanza. Kulipokucha siku ya pili, Mama alimbeba tena mgongoni, safari ya Musoma, kwenda kuifuta ile nne. Nyangeta alimwambia amshushe kwanza. Akajivuta mpaka kwenye bati. Tap. Kisha wakaondoka.

Miguu haikurudi, nisiwafiche. Nesi, Mama alivyotusimulia, hakumgombeza. Alifuta, akaandika upya, akamshika mkono. Daktari alisema ugonjwa hautaongezeka wakiacha muhogo mbichi, lakini uliochukua umechukua. Mvua nayo ilikuja baadaye, kwa wakati wake, bila kubanwa mtu. Nyangeta anatembea kwa fimbo mpaka leo, kwa vidole. Biashara zilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Bunda, akapata cherehani ya mkono, akawa anayapunguza magauni ya Ulaya yaweze kutuenea sisi. Ukimwambia pole anakwambia, "Pole ya nini? Mimi niliwahi kuwa tanki la kijiji."

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ya tatu. Mama na dada walikuwa bado Musoma. Tulikuwa tumelala kwa mke wa Mzee Magesa, mimi na Marwa, na kwake nako uji ulikuwa wa kuonja. Marwa alianza kulia kabla ya jua. Yule mama, kwa huruma kabisa, akaniambia, "Mjukuu, nendeni mkafungue ile mihogo yenu. Imeshalainika. Siku moja itaua nani? Mimi nitakutwangia."

Nilivuka ua nikaenda nyumbani peke yangu. Harufu ilikuwa imeanza, ile harufu ya kuvunda inayopanda puani, na kwangu mimi mwenye njaa ilikuwa harufu ya chakula. Niliinua pembe ya bati. Chini ya majani mihogo ilikuwa imeanza tu kuota ukungu, madoa madogo ya kijivu. Nilimsikia Marwa mpaka kule. Nikatazama kokoto mbili za dada, alizichagua nyeupe, za duara.

Nikarudisha bati. Nikatafuta chini, nikapata moja inayofanana nazo, nikaifuta vumbi kwa gauni langu, nikaiweka ya tatu.

Tap.